Kupunguza mwili Lamu na kutorudi ulikotoka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu mzima anayeishi Lamu, anayekula chakula cha Lamu, na ambaye pengine ameshaanza kupungua mara mbili tatu akaachia njiani. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtu anayetumia dawa za sukari au presha amwone daktari kwanza, kwa sababu chakula kikipungua huenda dozi nayo ikahitaji kubadilishwa.

Kwa nini hamu huniisha kila nikifika wiki ya tatu?

Kwa sababu wiki mbili za mwanzo zilikudanganya. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza wali na mahamri, akiba inatumika, maji yanatoka, na mizani inashuka kilo 2 au hata 3 kabla mafuta hayajaguswa sana. Ikifika wiki ya tatu maji hayo yameshatoka. Kinachoondoka sasa ni mafuta yenyewe, nayo huondoka polepole: nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Aliyeshangilia kilo 3 akiletewa gramu 400 huona mpango umekufa, na kumbe ndiyo kwanza umeanza kazi.

Halafu kuna watu wa nyumbani. Wiki ya kwanza walikuwa wakiuliza umekula nini. Wiki ya tatu wameshazoea na hakuna anayeuliza. Sifa na mizani hupoa kwa pamoja. Siku ya kwanza unapoanza, hesabu wiki tatu mbele kwenye kalenda ya ukutani, uandike hapo "itapoa", ili siku hiyo isikukute kwa ghafla.

Hamu ikiisha, nishike nini?

Shika saa na mahali. Nahodha anayepita mkondo mwembamba wa Mkanda hategemei upepo peke yake. Chomboni mna pondo. Pondo lako ni tendo dogo ulilolifunga kwenye jambo unalolifanya kila siku bila kujishauri. Anayeswali ana vipindi vitano vya siku ambavyo havihitaji kengele ya simu: "Nikitoka kuswali alfajiri sikai, navaa viatu." Jikoni nako: "Nikishateleka wali, nakata kachumbari kabla sijafanya lingine." Litamke kwa namna hiyo, likiwa na "niki" mbele, kwa sababu "nitajitahidi kutembea" halina saa wala mlango wa kutokea.

Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu waliokuwa wakijijengea tabia moja ndogo kila siku. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 hadi tendo likawa linajiendea lenyewe, na tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo usijipime baada ya wiki mbili ukasema wewe si mtu wa mazoezi.

Lengo liwe kilo ngapi?

Asilimia 5 hadi 10 ya uzito ulio nao leo, kwa muda wa miezi sita. Mwenye kilo 90 atafute kupungua kilo 4.5 hadi 9. Wengi wakisikia hivyo huona ni kidogo, wanataka kilo 25 kabla ya harusi ya mdogo wao. Lakini kiasi hicho kidogo ndicho kinachoshusha presha na sukari. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliotolewa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu na kupata ugonjwa huo walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58.

Kilo haziko mkononi mwako moja kwa moja; matendo ndiyo yaliyo mkononi. Kwa hiyo andika na lengo la matendo: siku tano za kutembea, hamri moja badala ya matatu, soda Ijumaa tu.

Nipime uzito lini, na vipi?

Asubuhi, ukishatoka msalani na kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi zile zile. Mizani usiiweke juu ya mkeka wala zulia. Sakafu za chokaa za nyumba za zamani zina mabonde madogo, na mizani ikiyumba inaweza kukosea kilo nzima. Itafutie kigae au ubao ulionyooka, na isihame hapo.

Ukipima kila siku, usiangalie namba ya leo, angalia wastani wa siku saba. Ukiona kupima kila siku kunakutia unyonge, pima mara moja kwa wiki, siku ile ile. Usiku ukila ng'onda au papa mkavu, chumvi hushika maji na asubuhi mizani inaweza kupanda kilo moja bila gramu hata moja ya mafuta mapya. Mwanamke alinganishe wiki hii na wiki kama hii ya mwezi uliopita, kwa kuwa kabla ya hedhi mwili huvuta maji.

Huna mizani? Futi ya fundi cherehani inatosha. Ipitishe katikati ya mbavu ya mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, soma bila kubana. Hatari huanza sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na huwa kubwa zaidi zikifika 88 na 102. Pima mara moja kwa wiki mbili.

Chakula chetu ni nazi na wanga. Nikiacha nazi nitakula nini?

Usiache nazi. Anayeacha nazi Lamu hudumu siku tisa, kisha akala biriani ya watu wawili. Kinachosaidia ni kanuni moja: nazi iingie kwenye sufuria moja tu kwa kila mlo. Wali ukiwa wa nazi, samaki achomwe au apikwe kwa nyanya na ukwaju. Akiwa samaki wa kupaka, wali uwe mweupe au ule mkate wa mofa. Tui zito la kwanza lina takriban kalori 200 kwa kila mililita 100, na tui jepesi la pili na la tatu lina kidogo sana. Mchuzi ukipikwa kwa tui jepesi, ukamaliziwa vijiko vitatu vya tui zito wakati wa kuepua, harufu na ladha zinabaki. Harufu ndiyo inayoudanganya ulimi.

Mafuta ya kupikia ndiyo mwizi mkubwa kuliko nazi, kwa sababu hayaonekani sahanini. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120. Anayemimina kutoka kwenye dumu kwa macho humimina vijiko sita akidhani ni viwili. Weka kijiko juu ya dumu lenyewe, ulifungue huku umekishika. Kwa mchuzi wa watu wanne, vijiko viwili vinatosha kukaanga kitunguu, na kikianza kushika chini, ongeza maji kidogo.

Kifungua kinywa kinastahili hesabu yake. Mahamri yameshatiwa tui na sukari kabla hayajaingia kwenye mafuta. Mawili makubwa, bakuli la mbaazi za nazi na chai ya sukari hufika kalori 600 kirahisi, na ni saa mbili asubuhi tu. Mbaazi hazina hatia hapo: zina protini na nyuzinyuzi, zinashibisha hadi adhuhuri. Kula mbaazi zako zote, punguza mahamri. Wengi hufanya kinyume, huchovya mahamri manne kwenye mbaazi kiduchu.

Wali upimwe kwa kikombe cha chai ukiwa umeshaiva. Kikombe kimoja cha wali mweupe ni kalori 200 hivi. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, bamia, biringani, majani ya mronge, kachumbari. Kabichi iliyokaangwa ikaelea mafuta haihesabiwi kuwa mboga, samahani.

Tunakula kwenye sinia. Nitajuaje nimekula kiasi gani?

Adabu ya sinia inakusaidia: kila mtu hula mbele yake. Kabla ya bismillahi, tazama kipande chako, uchote kachumbari na samaki uviweke upande wako, halafu anza na hivyo. Wali uufikie baadaye. Ukianza na wali, mkono huzoea mwendo wa wenzako, na wanne wanaokula pamoja hufuata mwendo wa aliye na haraka kuliko wote. Kunywa maji katikati. Shibe huchukua kama dakika 20 kufika kichwani, na sinia la vijana huisha kwa kumi.

Ukiwa mgeni na mwenye nyumba anakuongezea, kukataa tangu mwanzo ni kumvunjia heshima. Pokea kidogo mapema, umsifu mpishi kwa sauti, na ukimaliza useme "Alhamdulillahi" huku umeshaondoa mkono siniani. Mkono ukibaki siniani, maneno hayasikilizwi.

Siku ya harusi usiende na njaa. Yai la kuchemsha na tango kabla ya kutoka nyumbani vinatosha kukutuliza. Harusi zetu si siku moja, kwa hiyo chagua mlo mmoja wa kula kwa raha, na siku nyingine uende kupokea na kupakua. Anayepakua hana wakati wa kula.

Nikipungua watu wanauliza kama naumwa. Inanivunja moyo.

Hili linawaangusha watu wengi kuliko njaa. Kwetu mwili umekuwa ushahidi wa raha na wa kutunzwa vyema, na mke akipungua mama mkwe huona mwanawe amelaumiwa. Usibishane juu ya urembo wala afya, hutashinda. Uwe na sentensi moja tayari, uirudie bila kuipamba: "Ni mimi mwenyewe napunguza, presha ilikuwa juu." Neno presha hufunga mjadala, kwa sababu kila nyumba ina mgonjwa wake.

Aliye jikoni ndiye wa kuelezwa mapema. Ukimwambia bibi "sili", umemkataa yeye. Ukimwambia "Bibi, nipikie samaki wako wa kuchoma leo", umempa kazi ya kukusaidia. Na yule anayesema mwili haujengwi kwa matofali, mkubalie, ule samaki zaidi.

Ila kuna kupungua ambako kweli ni ugonjwa. Ukipungua bila kujaribu, ukawa na kiu kali, mkojo wa mara kwa mara, kikohozi kisichoisha au homa za usiku, nenda hospitali, usisherehekee.

Mazoezi nifanyie wapi? Mimi ni mwanamke, na mji una macho.

Kutoka mjini hadi Shela kwa njia ya pwani ni kama kilomita 3, dakika 40 hadi 45 kwa mwendo wa kawaida. Baada ya alfajiri njia ni tupu na jua bado. Tazama maji kwanza: yakijaa sana, hasa wakati wa bamvua, sehemu za njia hulowa na utarudi na viatu vya chumvi. Yakipwa, mchanga wa Shela ulio karibu na maji huwa mgumu na mzuri kwa magoti. Nendeni wawili, mwenzako akishasimama mlangoni, hutasema umechoka.

Asiyetaka kutoka ana ngazi. Nyumba ya ghorofa mbili yenye dari ni kiwanja tosha: panda na ushuke dakika 10 asubuhi na 10 jioni, ukishika ukuta, kwa kuwa ngazi zetu ni za wima na hazilingani. Mwenye magoti mabovu aache ngazi, akae kwenye kiti imara na kusimama bila kushika, mara 10, apumzike, arudie mara tatu. Kidumu cha lita 5 kilichojaa maji kina uzito wa kilo 5, kinatosha kwa mikono.

Ukweli ambao wauzaji wa mazoezi hawausemi: kutembea hadi Shela kunatumia kalori 150 hadi 200 kwa mtu wa kilo 75, yaani hamri moja. Mazoezi peke yake hupunguza kidogo. Nguvu yake iko baadaye, kwenye kuzuia uzito usirudi, na kwenye usingizi, sukari na presha. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhemeke lakini uweze kuzungumza.

Ramadhani hupungua au hunenepa?

Inategemea saa moja baada ya Maghrib. Fungua kwa tende tatu na maji, nenda kaswali, ndipo urudi kwenye futari. Ule muda mfupi huikata kasi ya njaa. Mezani chagua kitu kimoja cha kukaanga: ama sambusa, ama viazi karai, ama kaimati. Mwenye kuvionja vyote "kimoja kimoja" amekula mlo mzima kabla ya mlo. Juisi ya ukwaju inywe, sukari yake uipime mwenyewe. Daku usiiruke, yai, mbaazi au uji wa mtama hukufikisha mbali kuliko chai na mkate mweupe. Tembea dakika 20 kabla ya futari ukiweza, au baada ya tarawehe.

Mwezi huu lengo liwe kutoongezeka. Anayetaka kupungua kilo 4 Ramadhani huzirudisha wiki ya Idi pamoja na faida. Na mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi asifunge kabla ya kuongea na daktari, kwani sukari inaweza kushuka hadi akazimia.

Jana niliharibu. Biriani, soda, halua, kila kitu. Nianze upya Jumatatu?

Anza na mlo unaofuata. Kilo moja ya mafuta ni takriban kalori 7,700. Hata ukizidisha kalori 1,500 siku moja, hayo ni mafuta ya gramu 200 hivi. Mizani ikionyesha kilo 2 zaidi, nyingi ni maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni. Ngoja siku tatu. Usijiadhibu kwa kushinda njaa, kwa sababu njaa ya leo ndiyo ulafi wa usiku. Madhara ya "liwalo na liwe" hayatoki kwenye ile biriani, yanatoka kwenye siku nne kati ya biriani na Jumatatu.

Miraa inasaidia kupungua?

Inakata njaa saa chache, halafu inaleta soda mbili, jojo za sukari, usingizi mbovu, na sahani ya saa sita usiku. Soda moja ya mililita 300 ina vijiko 8 hivi vya sukari. Hesabu mwenyewe.

Na chai za kupunguza mwili, na sindano?

Chai hizo nyingi zinaharisha. Utatoa maji, yatarudi. Sindano za aina ya semaglutidi ni dawa za kweli na zinapunguza, lakini ni za kuandikiwa na daktari, na wengi wanaoziacha hurudia uzito.

Uzito umesimama wiki tano.

Mwili mwepesi unatumia nguvu kidogo kuliko ule mzito, kwa hiyo chakula kilichokupunguza ulipokuwa na kilo 92 sasa kinakutosha tu ukiwa na 84. Kabla ya kukata zaidi, rudi kwenye kikombe na kijiko kwa siku saba. Mara nyingi vipimo vimeshapanda bila mtu kujua, na kuonja jikoni hakuhesabiwi. Pima na vinywaji. Vikiwa sawa vyote, ongeza dakika 15 za kutembea kila siku, au pumzika wiki mbili ukilinda uzito ulio nao. Kupumzika kwa mpango si kuacha.

Nimefika nilipotaka. Mbona sasa ndiyo vigumu?

Kwa sababu mwili unadai ulichokitoa. Utafiti wa Australia wa mwaka 2011 ulikuta kwamba homoni za njaa na shibe za watu waliopungua zilikuwa bado hazijarudi kama mwanzo hata baada ya mwaka mzima. Njaa yako ya ziada si udhaifu wa tabia. Na safari hii hakuna wa kukupongeza, maana hakuna anayemsifu mtu kwa kubaki alivyo.

Marekani kuna daftari la watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka au zaidi; lilianzishwa mwaka 1994. Njia zao za kupungua zinatofautiana sana, lakini za kubaki zinafanana: wengi wao hujipima angalau mara moja kwa wiki, hula asubuhi, na hufanya mazoezi kama saa nzima kwa siku.

Weka mpaka: kilo 2 juu ya uzito wako mpya. Ukiuvuka, siku hiyo hiyo unarudi kwenye kikombe na kijiko, huningojei mimi wala mwezi mpya. Na angalia nguo. Kanzu, dera na buibui hazina kiuno. Mtu anaweza kurudisha kilo 8 ndani yake bila mshono hata mmoja kulalamika. Weka suruali moja au blauzi iliyobana, uijaribu kila Ijumaa kabla ya kuoga. Kifungo kitakuambia mapema kuliko jirani.

Chai bila sukari hainipiti. Nifanyeje?

Vijiko 3 kwenye kila kikombe, kwa vikombe 4, ni vijiko 12 kwa siku, karibu kalori 190. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ndani ya wiki nne utakuwa umefika kijiko kimoja na ulimi haukusikia. Ongeza tangawizi, iliki na mdalasini kadiri sukari inavyopungua. Tatizo la nyumba nyingi ni kwamba sukari hutiwa birikani, kila mtu anywe ya mmoja. Omba iwekwe pembeni kwenye kopo lake na kijiko chake. Kahawa chungu ya barazani haina neno, kunywa. La kutazama ni halua na kashata zinazoletwa nayo.